Maneno Saba ya Mtani

Kabla mtu hajaonekana, ilisikika fimbo ikigonga mianzi ya ua. Ko, ko, ko. Ukungu wa asubuhi kule milimani ulikuwa mzito kiasi kwamba mbuzi aliyefungwa hatua kumi kutoka mlangoni alikuwa mlio mtupu. Kisha sauti ya mwanamume, iliyokwaruzwa na tumbaku, ikapanda pamoja na njia:

"We zuzu! Umeamka, au unangoja jua lije likuvute miguu?"

Ndani, mjomba wangu aliacha mpini aliokuwa akiuchonga. Alitabasamu, na tabasamu lake lilichukua muda kufika, kama kila kitu chake.

"Lofa limefika," alisema. "Ficheni ugali."

Aliyekuwa akija ni mtani wetu. Ukoo wa mama yangu na ukoo wake ulikuwa na utani tangu enzi ambazo hata bibi alizisimulia kwa kusikia tu. Watu wengi wanaujua utani wa kabila na kabila. Wetu ulikuwa wa ukoo na ukoo, ndani ya watu wamoja, wenye lugha moja, wanaochota maji kijito kimoja. Mgeni angetutazama asingejua nani ni mtani wa nani. Sisi tulijua kama tunavyojua mkono wa kulia.

Mtani alikuwa na haki zake. Aliingia bila kubisha. Alichukua kuku bila kuomba. Alitutukana mbele ya wakwe, na hakuna aliyeruhusiwa kununa. Nilimwamkia, "Shikamoo mtani," naye akanijibu, "Marahaba, bwege mdogo, bado hujaolewa tu?" Na hakucheka. Mtani wa kweli hacheki anapotukana. Anakaza uso kama hakimu, wanaocheka ni wengine.

Jambo moja lilikuwa mwiko kwake: kusifu. Kwetu mtani akimsifu mtani wake hadharani, ni kama amekwenda kumpimia kaburi. Maana siku moja tu mtani huacha matusi na kusema mema ya mtu, nayo ni pale anapolifukia kaburi lake na kupiga udongo wa mwisho kwa kiganja.

Nilimsikia akifanya hivyo mara moja. Mke wa mjomba alifariki akiacha mtoto wa kike wa miezi minne. Asubuhi mtani alimtukana maiti mpaka waombolezaji wakashika mbavu. "Mvivu huyu," alisema, "amekimbia nepi, amemwachia zuzu kazi ya kulea." Mchana akaingia kaburini mwenyewe kuupokea mwili. Alipomaliza kufukia alipiga udongo, akasema taratibu kwamba alikuwa mwanamke mwema. Ndipo tukalia kweli.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wazee wa marehemu walikuwa na haki ya kumchukua yule mtoto siku ileile. Walimtazama mjomba aliyemshika kifuani, wakashauriana nyuma ya nyumba, wakarudi na uamuzi. Mtoto angebaki kwa baba yake mpaka avunje ungo, kwa sharti moja: baba awe na nyumba yake na shamba lake. Siku atakapokosa hivyo viwili, mtoto arudi kwa wajomba zake. Mjomba aliitikia kwa kichwa. Nyumba alikuwa nayo, na shamba lilipanda kilima mpaka likaishia mawinguni.

Akamlea. Alimbeba mgongoni kwa kanga ya marehemu, akalima naye hivyo, jembe likipanda na kushuka na kichwa kidogo kikitikisika nyuma yake. Wanaume walimcheka njiani. Yeye aliwaza kwanza, kama anayekitazama kina cha mto kabla ya kuvuka, na alipopata jibu wenyewe walikuwa wameshapita.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Sikuchaguliwa kuendelea. Nilibaki na daftari moja lisiloandikwa, nikalijaza maneno, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kukusanya. Nilianza na matusi ya mtani. Nilitaka kujua yalikotoka, kama mtu anavyotaka kujua mto unaanzia jiwe gani.

"Mtani, hili lofa umelitoa wapi?"

"Kilosa, mkongeni. Mzungu msimamizi alimwita hivyo kila aliyemkuta ameketi."

"Nawe uliketi?"

"Niliketi sana."

Juha alilipata kwa mwenye duka mmoja wa bondeni, mtu wa swala tano, aliyekuwa na hadithi za mjinga mmoja wa Uarabuni asiyekwisha vituko. Nyumbu lilitoka upande wa Mikumi, kwa wanyama wanaovuka mto kwa sababu wa mbele kavuka. Punguani nililifungua mwenyewe na nikajivuna: ni kupungua, mtu ambaye kipimo chake hakikujaa. Kwa zuzu na bwege sikufika popote. Mtani alisema bwege halikutoka mahali, lilikuwepo, kama upele.

Ndondocha alinieleza kwa sauti ya chini. Ni mtu anayedhaniwa amekufa, kumbe wachawi wamemchukua, wakamkata ulimi, wakamgeuza mtumwa wa kuwalimia mashamba yao. Halalamiki. Hachoki. Ukimwita kwa jina lake anageuza kichwa, kisha anaendelea kulima.

Na mjinga? Bibi aliwahi kuniambia kwamba zamani misafara ilipopita mabonde yetu kwenda pwani, mjinga halikuwa tusi la mtu asiye na akili. Ni mgeni tu, aliyeletwa mahali asipopajua, asiyejua maji yako wapi wala amwamkie nani. Niliandika hayo kwa mwandiko mzuri. Sikuwaza kwamba yangetuhusu.

Malori yalikuja wakati wa kiangazi. Tulikuwa tumeambiwa mapema kwamba watu wote wa milimani watashuka kuishi pamoja, karibu na barabara, karibu na shule na zahanati. Wengine walishuka kwa hiari. Wengine waliona paa la nyumba likishushwa, wakapanda. Mtani alipanda lori letu akiwa na fimbo na chungu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nyumbu," alisema. "Nyumbu watupu."

Hakuna aliyecheka. Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akitukana na watu wakakubali.

Kijiji kipya kilikuwa tambarare, kwenye barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi. Nyumba zilipangwa kwa mstari ulionyooshwa kwa kamba. Joto lilitukaa kifuani. Vilima vyetu tuliviona kwa mbali, vya buluu, na tulikatazwa kurudi huko. Mjomba alipewa nafasi ya kujenga mwisho wa mstari wa tatu, akajenga nyumba ya miti na udongo kwa muda mfupi kuliko yeyote, akasubiri kupimiwa shamba. Mashamba yalikuwa hayajagawiwa.

Mimi nikafanywa mwalimu wa kisomo. Jioni wazee waliketi chini ya banda la nyasi wakiwa na vipande vya chaki. Ukutani mwa ofisi ya kijiji iliandikwa kwamba maadui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Niliwafundisha kusoma ule ukuta. Bibi mmoja alifuatisha herufi kwa kidole, akafika kwenye neno ujinga, akalitamka, akanigeukia.

"Mwalimu, hapo ni sisi?"

Nilimwambia si sisi, ni adui yetu. Akatazama tena. "Lakini amekuja na sisi kwenye lori," alisema.

Katibu wa kijiji aliletwa kutoka mikoa ya ziwa. Alikuwa kijana, mwenye mifuko miwili ya shati iliyopigwa pasi na kalamu katika kila mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Alikula tulichokula, na alipougua homa aliendelea kuandika amejifunika blanketi. Alipogundua kwamba mwandiko wangu ni mzuri aliniomba niwe naandika muhtasari wa mikutano. Nilifurahi kama mtu aliyepewa shamba. "Andika kila kinachosemwa," aliniambia. "Usipunguze, usiongeze."

Mkutano wa kugawa mashamba ulifanyika asubuhi ya Jumamosi. Katibu alisoma majina ya wanaodai kuwa wakuu wa kaya. Kila mmoja alisimama, na katibu akauliza kama yupo anayemfahamu, kama anajiweza, kama ana akili timamu ya kutunza shamba. Wasiojiweza wangeunganishwa na kaya za ndugu zao. Ilikuwa na mantiki yake. Wazee wawili vipofu waliunganishwa hivyo, na mwanamke mmoja mgonjwa wa kifafa.

Likaitwa jina la mjomba. Akasimama na mtoto wake, aliyekuwa sasa wa miaka sita, amemshika kidole. Katibu akamuuliza alilima ekari ngapi alikotoka. Mjomba akaanza kuwaza. Kwetu shamba halikupimwa kwa ekari, kwa hiyo alikuwa akilipanda lile la kilimani kichwani mwake, tuta kwa tuta, ili aseme kweli. Katibu alisubiri, kisha akaugeukia mkutano.

"Nani anamfahamu huyu ndugu?"

Mtani alishasimama. Ilikuwa haki yake kuwa wa kwanza, na kama angenyamaza mjomba angeaibika.

"Ndugu katibu, huyu namjua kuliko mama yake alivyomjua. Ni zuzu. Si wa kujifunza, ni wa kuzaliwa. Mkunga alimpiga kofi ili alie, yeye akaomba apewe siku mbili afikirie."

Watu walilipuka. Tulikuwa hatujacheka hivyo tangu malori.

"Ni bwege, kuku wake ndio wanaomfuga yeye. Ni juha, mtume maji atarudi kukuuliza mdomo wa mtungi uko upande gani. Ni nyumbu, ni lofa. Ni ndondocha, ndugu katibu. Mpeni shamba mtaona. Atalima mpaka mtamwonea huruma, maana hana akili ya kuchoka. Ni punguani. Mkewe kafa, na yeye mwaka wa sita huu kabeba mtoto mgongoni kama mwanamke, wala hajui kwamba anachekwa."

Akaketi, uso umekazwa kama mti. Wanawake walipiga vigelegele. Kila mtu wa milimani pale alikuwa amesikia ushahidi mzuri kuliko wote wa siku ile. Mjomba aliinamisha kichwa, kama inavyompasa anayetaniwa, ili kuficha tabasamu. Kutoka mezani, alionekana mtu aliyepatwa na aibu.

"Umeandika?" katibu aliniuliza.

"Nimeandika."

"Yote?"

"Yote."

Niliandika mbio, kalamu ikiniunguza vidole kwa raha. Maneno saba kwa pumzi moja. Sijawahi kuandika kwa furaha kama ile tangu siku hiyo, na vitabu nimeandika.

Mchana, ofisini, katibu alikuwa akijaza fomu ya kupeleka Kilosa. Kulikuwa na safu nyembamba ya maelezo. Alisoma muhtasari wangu, akakuna kidevu.

"Mwalimu, katika haya yote, lipi ndilo Kiswahili cha ofisini? Siwezi kupeleka nyumbu wilayani."

Nilicheka. Nikamwambia punguani ndilo linalofaa. Nikamweleza lilivyojengwa, kupungua, kipimo kisichojaa. "Safi," alisema, akaliandika kwa herufi ndogo zilizonyooka. Nilifikiri nimeulizwa maana ya neno. Nilikuwa nimeulizwa habari za mtu.

Orodha ilirudi baada ya wiki chache ikiwa na muhuri, ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi. Wanakisomo wangu walikwenda kuisoma, wakitafuta majina yao kwa vidole. Yule bibi ndiye aliyekuja kuniita. Jina la mjomba lilikuwa huko chini, kati ya wale vipofu na mgonjwa wa kifafa. Asiyejiweza. Shamba hana. Nyumba yake ya mwisho wa mstari wa tatu ipewe kaya nyingine, yeye ahamie kwa dada yake, yaani mama yangu.

Nilimkimbilia katibu. "Ule ulikuwa utani!"

"Utani wa nani na nani?"

"Wa ukoo. Wale ni watani."

Aliweka kalamu chini. Utani aliujua, alikuwa na watani wake wa kabila na alitaniana nao vizuri, hata na dereva wa lori. "Lakini wale ni watu wamoja," alisema. "Lugha moja, kanisa moja. Mzee yule hakucheka hata kidogo. Mwalimu, usinitanie na wewe."

Nilimweleza kila nilichokijua. Alisikiliza, na niliona akianza kuamini, na niliona pia kuamini kulivyomtia hofu, maana jina lililopelekwa na kupigwa muhuri lilikuwa na sahihi yake. Mwishowe akasema hana uwezo wa kulibadilisha, twende wilayani.

Tulikwenda Kilosa, mimi na mjomba, kwa basi la alfajiri. Mjomba alivaa koti la arusi yake. Ofisini tulikaa kwenye benchi mpaka kivuli cha jengo kikavuka uwanja. Karani alikuwa mama wa makamo, mpole, akatuita "wanangu". Alimuuliza mjomba jina lake, kijiji chake, umri wake. Mjomba alijibu yote sawasawa, kila jibu likija polepole kutoka mbali, na niliiona kalamu ya yule mama ikisimama kwa kila jibu, na macho yake yakinijia mimi kwa huruma. Neno lilikuwa limetutangulia pale. Kila alichofanya mjomba, hata kunyamaza kwake, kililithibitisha.

"Hapa sisi tunapokea tu," alisema. "Aliyetoa maelezo ayatengue mbele ya mkutano uleule. Yaandikwe, yaletwe, tutabadilisha."

Mtani aliposikia, aliketi chini.

"Nimsifu?" alisema. "Mbele za watu? Wewe mtoto, unajua unachoniomba?"

"Ninajua."

"Hujui. Unaniambia nimfukie akiwa anapumua."

Nilimwambia habari ya sharti la wazee. Nilimwambia kwamba shemeji wa mjomba, kaka wa marehemu, anaishi Mikumi, na kwamba habari zikimfikia atakuja kumchukua mtoto, na atakuwa na haki. Mzee alichorachora mavumbini kwa fimbo. Hakunitukana hata mara moja, na hilo liliniogopesha kuliko lolote.

"Nitasema," alisema mwishowe. "Mungu anisamehe."

Mkutano ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, maana watu walisikia. Nilikaa mezani na kalamu. Mjomba alisimama mbele, mtoto wake akiwa amemshika kidole. Mtani alisimama, akavua kofia. Hatukuwahi kumwona bila kofia isipokuwa kaburini.

"Ndugu katibu," alianza. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Huyu mtu ana akili. Ni mkulima. Ni... ni mtu mwema."

Mwanamke mmoja nyuma akaangua kilio, kilio cha msibani, na mwingine akampokea. Mama mmoja alimvuta mwanawe waende nyumbani. Mzee alibaki amesimama katikati ya kilio kile, kofia kifuani, midomo ikicheza, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni na asiye na pa kujificha. Alikuwa na sentensi nyingine ya kusema. Alimtazama mjomba, akaomba kwa macho.

Nami nikamwona mjomba akiwaza. Safari hii hakuchukua muda. Kwa mara ya kwanza maishani mwake jibu lilimjia upesi.

"Msimsikilize huyo!" alisema kwa nguvu, na akacheka. "Lofa limelewa hilo. Tangu lini likasema kweli?"

Mkutano mzima ulishusha pumzi. Kilio kilikatika, watu wakacheka kwa nafuu, wakicheka na machozi. Mtani akavaa kofia. Mabega yake yakarudi mahali pake. Mila ilikuwa imezibwa pale ilipotoboka, na aliyeiziba ni mjomba, kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Katibu alinitazama. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba hilo nalo lilikuwa utani. Lakini mkutano mzima ulikuwa umesikia, na mwenye shauri mwenyewe alikuwa amesema shahidi wake amelewa na hasemi kweli.

"Andika hivyo," alisema kwa sauti ndogo.

Niliandika hivyo.

Jioni nilimuuliza mjomba kwa nini. Alikuwa akihamisha vyungu vyake kutoka nyumba ya mwisho wa mstari kuvileta kwa mama. Alitua kimoja, akakizungusha kikae sawa.

"Ulimwona alivyosimama pale?"

"Nilimwona. Lakini mtoto, mjomba?"

"Nilimwona yeye kwanza," alisema. "Mtoto nilimkumbuka nilipokuwa nimeshasema."

Nilitamani nipate neno la kumwita, moja kati ya yale saba au la nane, la kulaumu au la kusamehe. Sikulipata, na mpaka leo sijalipata. Mjinga, labda, kwa maana ile ya bibi yangu: mtu aliyeletwa mahali asipopajua, akaenda kwa njia za kwao.

Shemeji yake alikuja kutoka Mikumi wiki iliyofuata, siku ya kazi, mchana. Alikuwa mtu wa barabarani, fundi wa baiskeli, mwenye mafuta meusi katika mistari ya viganja. Alileta gauni jipya la njano na viatu vya plastiki. Mama alimpa kigoda. Alikaa ukingoni.

"Shemeji, sikuja kugombana."

"Najua, shemeji."

"Nimesoma kwenye mlango wa ofisi. Nimesoma mara mbili. Mimi najua si kweli." Alifuta viganja kwenye suruali, ingawa mafuta yale hayakuwa ya kufutika. "Ila wazee wamesema nyumba na shamba. Wameniuliza, anavyo? Ningewajibu nini?"

"Hapana," mjomba alisema. "Usingekuwa na la kuwajibu."

"Sisi hatukujaliwa mtoto. Mke wangu ameshatandika kitanda. Shule iko karibu. Utakuja kumwona."

"Nitakuja."

Sote tulijua kwamba asiyejiweza haandikiwi ruhusa ya kutoka kijijini peke yake.

Mjomba alimvika mtoto gauni mwenyewe. Lilikuwa na vifungo vingi mgongoni, vidogo, na vidole vyake vya jembe vilipata shida navyo. Hakuna aliyemharakisha. Mtoto alivitazama viatu vyake vipya.

"Baba, na wewe unakuja?"

"Napitia shamba kwanza."

"Shamba lipi?"

Alikaza kamba ya kiatu cha kushoto, akaikagua, akaifungua, akaikaza tena. Kisha akauweka mkono mdogo ndani ya ule mkono wenye mafuta. Mama yangu aliingia chumbani asionekane. Mimi nilisimama ukutani, na mikono yangu ambayo iliandika vizuri kuliko ya mtu yeyote kijijini haikuwa na cha kushika.

Walitoka nje, juani. Hatua chache tu, mtoto akageuza kichwa. Wakaendelea, akageuka tena, safari hii mwili mzima, na yule fundi ikambidi asimame. Wakati huo baba yake alikuwa amesimama kizingitini.

"Akiuona mlango wazi hatakwenda," aliniambia.

Akaushika ubao kwa mikono miwili, akaufunga mlango.